Salamu Maria Tisa

Saa nne kasorobo ya asubuhi, Jumamosi, Flaviana aliingia kwenye uzio wa Mama Goodness akiwa na vumbi jekundu la Endabash mpaka kwenye kope. Alikuwa nyuma ya pikipiki tangu kulipopambazuka, mkoba wa vifaa begani, na gauni lake la maua ya zambarau, alilolipiga pasi jana kwa ajili ya siku hii tu, lilikuwa limejikunja kama jani la mgomba lililokaushwa jikoni. Hakulikung'uta wala hakujifuta uso. Macho yake yalikwenda moja kwa moja barazani, kwenye meza ndogo yenye kitambaa cheupe cha kufuma, mahali ilipokaa mashine yake.

Mashine ilikuwa inanguruma. Lakini namba kwenye kioo chake kidogo ilisema tisini na mbili chini ya sifuri.

Mama Goodness alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao chenye mto, jiko la mkaa mbele yake na sufuria kubwa ya maziwa ikichemka taratibu. Alikuwa mwanamke mnene, mzuri wa uso, mwenye asili ya Machame, mjane aliyefuga ng'ombe watano wa maziwa nyuma ya nyumba yake hapo Karatu mjini na kuyapeleka maziwa kwenye hoteli za wageni wanaopanda Ngorongoro. Kanisani kwake, kwa Walutheri, yeye ndiye aliyewaongoza akina mama. Mtu hakuzoea kumpinga.

"Imekaa hapo tangu jana asubuhi," alisema bila kuinuka. "Tisini na mbili. Haishuki wala haipandi, kama punda aliyegoma njiani. Karibu, binti. Kaa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, nimesema."

Flaviana hakukaa.

Makubaliano yao hayakuwa na maneno mengi. Isaya, mtoto wa pili wa Mama Goodness, alikuwa amemwambia mama yake mara tatu kwamba anamtaka Flaviana, binti wa mzee Bartolomeo, Mwiraqw wa Endabash, fundi wa mafriji mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Mara tatu mama alikataa. Binti ni Mkatoliki. Mikono yake imejaa mafuta ya mota. Na miaka miwili sasa anashinda na kopo lake ambalo halimpi mtu hata kikombe cha maji baridi. Mara ya nne Mama Goodness alichoka kukataa akatoa sharti. Kopo hilo liletwe barazani kwake, aliangalie kwa macho yake. Likifika baridi ya digrii mia na hamsini chini ya sifuri kabla ya saa tisa alasiri ya Jumamosi, atatuma wazee Endabash kupeleka posa. Lisipofika, binti na kopo lake waende zao, na Isaya asimtaje tena ndani ya nyumba hiyo.

Kopo. Flaviana alilisikia neno hilo kila mara likimchoma kama cheche. Chombo chenyewe hakikuzidi ukubwa wa chupa ya chai ya lita tatu. Chini kulikuwa na kompresa ndogo aliyoing'oa kwenye friji ya soda. Juu kulikuwa na chupa ya chuma yenye kuta mbili, na ndani yake bomba la shaba lililopita ndani ya bomba jingine, limezungushwa mizunguko kumi na minne, likaishia kwenye kibomba chembamba kama unywele. Humo zilipita gesi za aina tano zilizochanganywa. Gesi nzito zilikuwa za kwanza kugeuka maji, zikaipoza njia. Zile za kati zikaipokea baridi hiyo na kuipeleka mbele, mpaka ikamfikia naitrojeni, mwepesi kuliko wote, aliyeifikisha mahali ambapo friji ya kawaida haifiki hata ukiisukuma. Kila gesi ilibeba mzigo hatua yake ikamkabidhi mwenzake. Mmoja akipungua, wa nyuma anabaki na mzigo hajui ampe nani.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mirija midogo ya mbegu za mafahali, myembamba kama vijiti vya meno, ambayo Isaya aliibeba kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji kwenda kuhimilisha ng'ombe vijijini. Naitrojeni hiyo ilitoka Arusha na ilikuwa inageuka mvuke na kupotea hewani kila saa. Barabara ikikatika, mtungi unakauka, mbegu zinakufa. Ndivyo walivyojuana. Siku ya mvua, miaka miwili iliyopita, kijana mrefu mwenye buti za mpira alisimama mlangoni mwa karakana yake, ameshika kiganjani mirija thelathini iliyokufa, kama mtu aliyeokota vifaranga vilivyonyeshewa. Akamuuliza kama fundi wa friji anaweza kutengeneza friji ya kufika huko chini. Flaviana alimtazama zile kope ndefu zilizolowa, akasema anaweza. Alikuwa hajui kama anaweza. Alijua tu kwamba anataka arudi tena kuuliza.

Alirudi kila siku.

Sasa alikuwa amesimama kule kwenye banda la ng'ombe, buti zilezile miguuni, ameshika ndoo isiyokuwa na kitu. Hawakuonana tangu Jumatano, siku Flaviana alipoitwa Endabash kwa sababu baba yake alianguka kwenye mavuno ya maharage akateguka nyonga. Kujaza gesi aliachiwa Isaya, pamoja na daftari la hesabu. Siku zote akirudi, macho ya Isaya yalikuwa ya kwanza kumfikia, kabla ya miguu. Leo yalikuwa yanaitazama ndoo.

Kwenye benchi la ukutani alikaa Moloimet, mfugaji kutoka Samunge, shuka jekundu limekunjwa vizuri magotini na simu mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Kesho alikuwa anapanda gari kurudi kwao kwenye milima ya Loliondo, na alitaka aende na chombo na mbegu. Alimsalimu Flaviana, akamwambia kwa upole kwamba yeye hana haraka, gari ndilo lenye haraka.

Flaviana aliweka mkoba chini. Akaangalia geji, shinikizo lilikuwa pale linapotakiwa, halijapungua hata kidogo. Akaweka kiganja kwenye kompresa akasikiliza. Mashine iliyojazwa vizuri ilikuwa na mlio mzito, wa paka aliyeshiba. Hii ilikuwa inahema juu juu. Kwenye bomba la kutokea kulikuwa na kijicho cha kioo ukubwa wa kifungo cha shati, alichokiweka mwenyewe ili aone kinachopita ndani. Akainama akachungulia. Palitakiwa pawe na mchirizi unaokimbia bila kukatika. Aliona tone. Akangoja. Tone jingine.

Gesi nzito zilikuwa chache.

"Umeona nini huko?" Mama Goodness aliuliza.

"Naona njaa, mama."

"Njaa ya nani?"

"Yake. Haikulishwa."

Mama Goodness aliyakoroga maziwa kwa mwiko mrefu. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa laini, na Flaviana aliiogopa hiyo kuliko ile kali. Alimwambia kwamba yeye hana ubaya naye. Amemchunguza, ni msichana mwenye adabu, hapendi umbea, na hata mkono wake wa kukamua ameusikia ukisifiwa. Kuna chumba cha mbele pale barabarani, magari ya wageni yote yanapita hapo yakielekea geti la Ngorongoro. Angeweza kufungua duka la vitenge. Angekuja kanisani kwao kama wake wengine walivyokuja. Kopo angelipeleka kwa yule mwalimu wake wa chuo huko Arusha, wanaume wahangaike nalo.

"Ukikubali hayo matatu," alisema, "sitaingoja hata hiyo saa tisa. Wazee wanaondoka kesho. Nani atakupa zaidi ya hapo?"

Hata Moloimet aliigeuza simu yake kifudifudi.

Katika yote hayo Flaviana alishika neno moja. Kesho. Neno lenyewe lilikuwa tamu. Alimwona Isaya kule bandani ameinua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yao yalikutana, na aliona kwenye macho yale kwamba hata yeye alilisikia neno kesho, na kwamba alikuwa anaogopa atakavyojibu, akijibu ndiyo au hapana.

Alfajiri ile baba yake, amelala chali kwa sababu ya nyonga, alimwita pembeni ya kitanda. Mzee Bartolomeo hakuifurahia posa hii tangu mwanzo. Alisema watu wa Machame wana maneno mengi, na kwamba pale kijijini yupo Inosenti mwenye trekta, asiyeuliza mtu anasali wapi. Lakini alimwambia binti yake aende, na akienda asimame wima, kwa sababu wao si watu wa kuombaomba mlangoni.

"Mama, asante," Flaviana alisema. "Umenipa kwa heshima, nami nakataa kwa heshima. Vitenge sivijui. Kanisa nililobatiziwa ndilo nitakalozikiwa. Na hicho siyo kopo."

"Ni nini?"

"Ni kazi yangu. Mwanao alinipenda nikiifanya. Nikiiacha, atakuwa ameoa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine mimi simjui."

Mwiko ulisimama kwenye maziwa. Mama Goodness alimkata jicho, refu, kuanzia vumbi la miguuni mpaka kichwani.

"Basi tutaonana saa tisa," alisema.

"Tutaonana."

Halafu Flaviana akageuka. Alimwita Isaya kwa jina lake, sauti ya kawaida, naye akaja, ndoo bado mkononi kama mtu aliyesahau kuwa ana mikono.

Alimuuliza Jumatano alijazaje. Isaya alijibu kama ilivyoandikwa kwenye daftari: gesi nyepesi tatu kwa kuangalia geji, mpaka sindano ifike kwenye alama nyekundu. Nzito mbili, zile zilizokwisha changanywa kwenye mtungi mdogo wa bluu, kwa kuhesabu.

"Kuhesabu ngapi?"

"Tisa."

"Tisa nini?"

Isaya alimtazama mama yake, akaitazama ndoo.

Hapa inabidi ieleweke Flaviana alivyofanya kazi. Kujaza gesi nzito kulitaka mikono miwili, mmoja kwenye valvu na mmoja kwenye mtungi, na macho yasitoke kwenye kile kijicho cha kioo. Saa ya ukutani usingeweza kuitazama. Kwa hiyo alipima kama bibi yake alivyopima mayai ya kuchemsha kule Endabash: kwa Salamu Maria. Valvu ilifunguliwa robo, akaanza kusali kwa sauti ya kawaida, bila kukimbia, na zilipotimia tisa alifunga. Mwalimu wake wa Arusha alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaweka mtungi kwenye mzani, akamwambia arudie mara tano, na mara zote tano tofauti haikufika uzito wa punje ya mahindi. Hakucheka tena. Kwenye daftari la Flaviana, baada ya neno nzito, paliandikwa tu: S.M. 9.

"Isaya," alisema taratibu. "Tisa nini?"

Angeweza kusema mashine ni mbovu. Angeweza kusema umeme ulikatika, kwa maana Karatu umeme hukatika na hakuna mtu angebisha. Flaviana alijua hivyo, na alijua kwamba Isaya naye anajua. Alimwona akiweka ndoo chini.

"Salamu Maria," Isaya alisema. "Lakini nilisema kimoyomoyo. Mama alikuwa amesimama pale mlangoni anapepeta mchele. Na mimi naijua mpaka 'umebarikiwa kuliko wanawake wote' tu. Mbele ya hapo siijui. Nikasema hiyo mara tisa, nikafunga."

Moloimet aliuinamisha uso wake kwenye shuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Flaviana alitaka kucheka na alitaka kumpiga na ile ndoo. Hasira ndiyo ilitangulia.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Nikuulize nini? Nifundishe rozari?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo. Ningekufundisha nikiwa shambani, na maharage mkononi."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Yangu?"

"Hapana," Isaya alisema haraka. "Yangu. Niliogopa mama asinisikie. Mtu mzima na ndevu zangu, niliogopa kusikiwa. Halafu namba ilipogoma nikaogopa zaidi kusema. Siku mbili nimekaa na ng'ombe kama mtoro."

Alimgeukia mama yake. Mikono yake aliiacha wazi, kila mtu aione.

"Mama, mashine haina kosa. Kosa ni langu. Nimeilisha theluthi moja."

Mama Goodness alikuwa ameuachia mdomo wazi, na si kwa sababu ya gesi.

"Isaya," alisema. "Unaniambia ulisali sala ya Kiroma hapa barazani kwangu. Na tena ukaisali robo?"

"Theluthi, mama."

"Usinihesabie." Aliinua mwiko, maziwa yakadondoka kwenye kitenge chake wala hakuyaona. "Nilikuzaa kwa siku mbili, umetanguliza miguu, kwenye hospitali ya masista kule milimani, kila mtu amekata tamaa na wewe. Siku mbili. Ili uje kunifichia maneno mlangoni kwangu mwenyewe?"

Hadithi ya kuzaliwa kwa miguu Flaviana alikwisha isikia, Isaya alimwambia hutolewa kila anapokosea, kama nguo ya sikukuu. Safari hii haikumtisha mtu.

"Na saa tisa ni saa tisa," Mama Goodness aliongeza. "Sijasogeza."

"Hatujaomba usogeze," Flaviana alisema. Alikwisha funga nywele zake kwa kitambaa na kufungua mkoba. "Ila kuna kitu nitakuomba. Hilo jiko litoke barazani. Namwaga gesi yote naanza upya, na gesi hii inashika moto kama ya jikoni."

"Maziwa yangu hayajachemka."

"Litoke, mama. Ama nyumba ibaki, ama maziwa."

Hakuna aliyewahi kumhamisha Mama Goodness jikoni kwake. Walitazamana. Mwishowe aliinuka mwenyewe, akashika masikio ya jiko kwa pindo za kitenge, akalipeleka mpaka nyuma ya banda huku anasema maneno ya kwao ambayo Isaya hakuyatafsiri.

Flaviana aliutoa mpira mrefu mpaka nje ya uzio, kwenye upepo, akaiacha gesi yote iende. Kisha akaunganisha pampu ya kunyonya hewa, kwa sababu ndani ya bomba hapakutakiwa kubaki hata pumzi moja ya unyevu. Tone la maji huganda kwenye kibomba kama unywele na kukiziba kabisa. Pampu ilihitaji saa moja na nusu, haikubali kuharakishwa. Ukungu uliokuwa umeulalia mlima tangu asubuhi ulikuwa umeanza kuinuka, na barabarani magari ya wageni yalisikika yakibadilisha gia kupanda.

Isaya alileta beseni la maji ya moto na sabuni, akaliweka karibu na magoti yake.

"Uoshe uso," alisema. "Una vumbi mpaka kwenye nyusi."

"Umechukia vumbi langu?"

"Nimelikosa siku tatu."

Flaviana alichovya mikono, asimtazame, kwa sababu alijua akimtazama hasira itaisha na alikuwa bado anaitaka. Alimuuliza kwa sauti ya chini, mama yake akinuna hivi kwa mwaka mzima, atafanya nini. Isaya alisema atanunua sufuria zake mwenyewe. Alimuuliza, na wazee wasipotumwa? Isaya alichuchumaa mbele yake, magoti ya suruali ndani ya maji yaliyomwagika.

"Nitakuja Endabash mwenyewe kwa miguu," alisema, "nilale nje ya zizi la mzee Bartolomeo mpaka aniulize nataka nini. Flaviana, nimekosa mara moja kwa woga. Niache nisikose mara ya pili."

"Sitaki uje kwa miguu. Nataka uje na wazee, mchana, watu wakiona. Sitaolewa kwa mlango wa nyuma kwa sababu eti nasali kwa Maria na nashika spana. Waje wanipose na spana yangu mkononi."

"Basi hii mashine ishuke."

"Itashuka," Flaviana alisema. "Lakini wewe ndiye utakayehesabu. Mimi nimeshika valvu."

Isaya alielewa. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amerudi na kukaa kwenye kiti chake, mikono imekunjwa juu ya tumbo, saa ya mkononi imegeuzwa ili aisome.

"Kwa sauti?" aliuliza.

"Kwa sauti."

Nusu saa nzima pampu ikiendelea, alimfundisha. Alimrudishia kila kipande kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, naye alirudia na kusahau, akasahau na kurudia, na Moloimet, ambaye hakuwa wa kanisa lolote kati ya hayo mawili, aliishika yote kabla yake akawa anamsaidia. Mama Goodness aliitazama saa yake tu.

Saa sita na robo Flaviana aliizima pampu akaitoa. Gesi nyepesi tatu ziliingia moja baada ya nyingine mpaka alama yake. Akauunganisha mtungi mdogo wa bluu, akainama, jicho kwenye kioo, mkono kwenye valvu.

"Anza."

Isaya alianza. Sauti ya kwanza ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Ya pili ilinyooka. Ya tatu alisimama wima, kifua mbele, macho kwa mama yake, na alisema kila neno ili lisikike mpaka barabarani. Flaviana aliliona tone la kwanza kwenye kioo, halafu la pili limelishika la kwanza, halafu uzi mwembamba. Hakuwahi kusikia sala hiyo ikisaliwa na mtu aliyekuwa anapambana namna ile. Aliipenda kuliko zote alizowahi kuzisikia. Ya nne. Ya tano.

Kwenye ya sita ulimi ulimteleza. Alifika katikati, pale inapogeuka kutoka kusifu kwenda kuomba, na hapakuwa na kitu. Alifungua mdomo. Moloimet alikuwa ametoka nje kupokea simu ya dereva. Gesi ilikuwa inapita. Flaviana hakuweza kugeuza kichwa, hakuweza kusema neno, kwa sababu jicho lake likitoka kwenye kioo yote yangeharibika, na pumzi moja, mbili, zilipita bila hesabu.

"Maria Mtakatifu," ilisema sauti nzito ya mwanamke kutoka kwenye kiti chenye mto. Na ikaendelea, taratibu, bila kukimbia, kwa mwendo uleule hasa wa bibi yake Flaviana na mayai yake, mpaka mwisho, mpaka amina.

Isaya alimgeukia mama yake.

"Mama," Isaya alisema.

"Usiniangalie mimi. Gesi inapita. Ya saba."

Walizisali mbili pamoja, mama na mwana. Kwenye ya tisa Isaya alisita, akamwachia mama yake, naye aliimaliza peke yake, macho yamefumbwa, kidole kikigonga mkono wa kiti.

"Funga," alisema.

Flaviana alifunga. Mchirizi ulikuwa unakimbia kwenye kioo bila kukatika. Alikaa chini palepale sakafuni.

Mama Goodness alieleza mwenyewe, anaitazama saa yake kana kwamba anaisomea. Siku mbili, alisema. Masista walikuwa wawili, mmoja wao mzee hata meno hana. Huyo hakumwachia mkono. Aliisali hiyo sala masikioni mwake siku zote mbili, na yeye hakuwa na nguvu ya kumwambia kwamba mimi ni Mlutheri, bibi, niache. "Mtoto alipotoka," alisema, "nilikuwa naijua. Utakitoa wapi kitu kilichoingia namna hiyo? Nimeikalia miaka thelathini na moja. Na kama kuna mtu ataipeleka kwa mchungaji, nitajua ametoka baraza hili."

"Yeyo, mama yangu, mimi sijasikia kitu," alisema Moloimet kutoka mlangoni.

Mashine ilianza kunguruma mlio wake mzito. Namba ziliteremka polepole, kama mwenye mzigo anayechagua pa kukanyaga. Saa saba ilikuwa sitini. Saa nane ilipita tisini na mbili bila hata kuisalimia. Saa nane na nusu, mia na ishirini na tisa. Mama Goodness alikuwa amekisogeza kiti chake mara tatu, kila mara akisema jua linampiga, na sasa magoti yake yaligusa meza.

Saa tisa kasoro dakika sita, kioo kilisema mia na hamsini. Kisha mia na hamsini na moja.

Mama Goodness hakusema hongera. Alichukua simu yake, akapiga Machame kwa kaka yake mkubwa, akamwambia Jumamosi ijayo avae koti, waende Endabash. Kaka akauliza jambo. Alisikiliza, akamwangalia Flaviana aliyekaa sakafuni, gauni limejikunja, mikono imejaa mafuta, spana kwenye mapaja.

"Hapana, hahami kanisa," alisema kwenye simu. "Sijamuuliza. Nimeambiwa." Akasikiliza tena. "Fundi. Ndiyo, fundi. Wewe vaa koti."

Kisha aliinuka kwenda kulirudisha jiko lake.

Isaya alikaa chini sakafuni karibu na Flaviana, bega kwa bega, na hakuna aliyewaambia wasogeleane au waachane. Midomo yake ilikuwa bado inacheza bila sauti. Flaviana alimgusa kwa kiwiko.

"Zilikuwa tisa," alisema. "Zimetosha."

"Najua," Isaya alisema. "Hii ya kumi siyo ya gesi."